Kesi ya Sheikh Farid wa Zanzibar: karibu miaka saba gerezani bila hukumu

Katika makanisa yetu ya mashariki, jina la sheikh likitajwa pamoja na neno "ugaidi", wengi hufikiri ADF mara moja. Tunaelewa. Lakini Beni pia, mwezi wa Mei 2021, imamu aliyepinga mauaji ya waasi alipigwa risasi akiwa msikitini. Kwa hiyo tuiangalie polepole kesi ya Sheikh Farid Hadi Ahmed, ambayo iligusa makanisa pia.

Zanzibar iliungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, ikazaliwa Tanzania. Visiwa vilibaki na rais wao, baraza la kutunga sheria na Mahakama Kuu yao. Sheikh Farid alikuwa kiongozi wa Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu, ambayo watu huiita Uamsho tu. Mwaka 2012, Tanzania ilipoanza kukusanya maoni kwa ajili ya katiba mpya, mihadhara yake ilijaza viwanja. Alitaka Wazanzibari waulizwe kwa kura kama bado wanautaka Muungano, na aliwalaumu wakubwa wa visiwani waliokuwa wakiulinda.

Mwisho wa Mei 2012 kiongozi mmoja wa Uamsho alikamatwa, fujo zikazuka mjini, na makanisa yakachomwa moto, moja wapo likiwa la Assemblies of God. Uamsho walikana kuhusika. Ndugu zetu waliopoteza mahali pa kuabudu walikuwa na haki ya kujua ni nani aliyewasha moto ule, na hilo tusilisahau tunapoendelea.

Oktoba mwaka ule Sheikh Farid alitoweka siku kadhaa. Wafuasi wake walisema serikali imemchukua, polisi wakakana. Fujo zilirudi na askari polisi mmoja akauawa. Sheikh alipoonekana tena alisema alikuwa ametekwa. Muda mfupi baadaye yeye na wenzake, akiwemo Sheikh Mselem Ali Mselem, walifikishwa mahakamani Zanzibar kwa mashtaka ya uchochezi na kuvuruga amani, wakakaa rumande muda mrefu kabla ya kupata dhamana.

Mwaka 2014 mambo yaligeuka. Walikamatwa tena, wakavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kushtakiwa chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002. Ugumu wote wa kesi umekaa hapa. Kosa la ugaidi halina dhamana Tanzania Bara. Tena mahakama ya hakimu mkazi, ambako kesi ilianzia, haikuwa na uwezo wa kuisikiliza: kazi yake ilikuwa kungoja upelelezi uishe ndipo faili lipelekwe Mahakama Kuu. Basi washtakiwa waliletwa, wakaambiwa upelelezi haujakamilika, tarehe ikaahirishwa, wakarudishwa gerezani. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine. Wakongomani wenye ndugu aliyefungwa bila kusikilizwa hawahitaji kuelezwa zaidi. Msomaji wa Matendo atamkumbuka Paulo huko Kaisaria, ambaye liwali Feliki alimwacha kifungoni miaka miwili bila kukata shauri.

Mawakili waliuliza jambo lingine: matendo yanayodaiwa kufanyika Zanzibar, yenye mahakama yake, yanahukumiwaje Dar es Salaam? Jibu lilichelewa mpaka Aprili 2021, Mahakama Kuu ilipofuta mashtaka 14 kati ya 25 kwa sababu hiyo hiyo.

Juni 2021, miezi mitatu baada ya Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa rais wa Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa yaliyobaki. Sheikh Farid na Sheikh Mselem walitoka kwanza, wenzao wakafuata. Hakuna shahidi aliyehojiwa mpaka hukumu itoke. Kama walikuwa na hatia, haikuthibitishwa. Kama hawakuwa nayo, hakuna hakimu aliyewasafisha. Na kesi hiyo haikuwapa Wakristo wa Zanzibar jibu lolote juu ya makanisa yao.

Kisheria, kuondolewa mashtaka kwa njia hiyo si kuachiwa huru na mahakama. Mwendesha mashtaka anaweza kumshtaki mtu yule yule tena kwa jambo lile lile.