Dawa ya akili kwa maumivu ya uso

Shangazi yangu hapa Johannesburg anaugua maumivu ya neva ya uso. Yakimpiga ni kama shoti ya umeme. Hata mswaki anauogopa. Mwaka 1962 Blom wa Sweden alionyesha kuwa karbamazepini husaidia, lakini wapo iliowashinda. Basi mwaka 1989 Lechin na wenzake wa Caracas waliwajaribia watu 48 wa namna hiyo pimozidi, dawa ya wagonjwa wa akili. Ikaishinda karbamazepini kwa kutuliza maumivu. Ila 40 kati yao walipata madhara: mikono kutetemeka, kusahausahau, mwili kuzubaa. Shangazi aliuliza mbona hapewi hiyo. Nikamsomea hesabu. Akasema, "Haya, niachieni akili yangu."