Mkwawa Amelala Wapi? Kufuata Makaburi ya Ukoo Mmoja

Watu wa Tunduma wanaosafiri kwa basi kwenda Dar wanaijua njia vizuri: Mbeya, Makambako, Mafinga, Iringa. Ni wachache wanaojua kwamba ukichepuka kidogo kutoka barabara hiyo unakutana na makaburi ya ukoo uliowahi kumiliki na kutawala nchi hiyo yote ya Uhehe.

Tuanze na baba. Munyigumba, aliyeziunganisha koo za Wahehe, alifariki mnamo 1879, na kaburi lake liko Rungemba, Mufindi. Mtawala amekufa akiwa na enzi yake, amezikwa kwenye ardhi yake. Habari imeishia hapo.

Kwa mwanawe ndiyo kuna kazi. Mkwawa aliwapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao Zelewski akauawa. Wakarudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga Oktoba 1894. Mkwawa akapigana akiwa porini karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona maadui wamemfikia, akajipiga risasi huko Mlambalasi. Sajenti Merkl akaagiza kichwa kikatwe kipelekwe Iringa kwa Tom von Prince. Kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi.

Kichwa je? Jambo hili lilifika mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919. Ibara ya 246 iliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu ndani ya miezi sita. Ikapita zaidi ya miaka thelathini. Hatimaye Gavana Edward Twining akaenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akalichagua fuvu moja kati ya mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu.

Hapo ndipo shaka ilipo. Jiwe la kaburi huandikwa jina, lakini lile fuvu halikuwa na jina, lilikuwa na vipimo tu. Wapo wanahistoria wasiosadiki mpaka leo kwamba ndilo lenyewe. Tena halikuzikwa: limo ndani ya kioo, makumbusho ya Kalenga, na wageni wanaingia kulitazama.

Adam Sapi, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi, alifariki 1999 akazikwa hapohapo Kalenga. Kwa hiyo baba ana kaburi moja, mjukuu ana kaburi moja, lakini aliye katikati yao amegawanywa: mwili Mlambalasi, kichwa kabatini. Huhitaji kitabu kujua ukoloni ulimpitia nani.

Kwangu mimi, Wahehe walipolipokea lile fuvu kwa heshima walijibu swali ambalo rula ya Twining haikuweza kulijibu. Marehemu hutambuliwa na watu wake. Ndiyo maana nasi wa Songwe tusingoje. Makaburi ya machifu wa Wanyiha na Wanyamwanga mengi hayana maandishi, na anayekuonyesha ni mzee. Muulize leo, uandike.