Ujiji: Bandari iliyokimbiwa na maji

MGENI anayefika Ujiji, mkoani Kigoma, kuona mahali ambapo Henry Morton Stanley alikutana na Dk. David Livingstone mwaka 1871, hushangaa kuona ziwa limebaki mbali, chini ya mteremko. Hii ilikuwa bandari.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Mlango huo ulikuwa umezibwa na tope na matete, na maji yakawa yanapanda. Mnamo mwaka 1878 kizuizi kilisombwa, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Ufuko ukasogea, mji ukabaki pale pale.

Kabla ya hapo Ujiji ilikuwa mwisho wa nchi kavu kwa misafara iliyotoka Bagamoyo. Misafara ilipumzika Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ikapata wapagazi wa Kinyamwezi, kisha ikashika njia ya magharibi kupitia Uvinza penye chumvi. Richard Burton na John Speke waliifuata njia hiyo na kufika ziwani Februari 1858. Sokoni Ujiji, shanga zilitumika kama fedha. Mitumbwi ilivuka kwenda ng'ambo na kurudi na pembe za ndovu kutoka Umanyema. Ilirudi pia na watu, na wengi wao hawakupanda kwa hiari. Baadhi ya wazao wao ndio wenyeji wa Ujiji hadi leo, ingawa wageni huja zaidi kwa ajili ya Wazungu wawili waliosalimiana chini ya mwembe.

Pigo la pili lilikuwa la reli. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na ziwani mwaka 1914, lakini waliipeleka Kigoma, kilomita chache kaskazini, penye ghuba nzuri zaidi kwa meli. Hapo ndipo meli Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, iliungwa na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka uliofuata. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO orodha ya vituo sita vya njia hiyo ya watumwa na pembe, vikiwamo Kwihara, jirani na Tabora, na Ujiji.