Karani wa Bunge na Historia ya Ugatuzi Kenya

Karani wa Bunge, yaani mtumishi mkuu wa Bunge ambaye hapigi kura wala haegemei chama, ndiye mtunzaji wa Hansadi, taarifa rasmi za mijadala, ambazo bila hizo historia ya ugatuzi, yaani kugawa madaraka ya serikali kuu na kuyakabidhi ngazi za chini, isingeandikika kwa uhakika nchini Kenya. Katiba ya uhuru ya 1963 iliunda majimbo 7 pamoja na eneo la Nairobi, ikaanzisha na Seneti ya wajumbe 41, chini ya Spika Timothy Chokwe, ili kuyalinda majimbo hayo.

Ulinzi huo haukudumu. KADU, chama kilichoyapigania majimbo, kilijivunja Novemba 1964, jamhuri iliyotangazwa Desemba mwaka huo ikayapokonya nguvu, na mwishoni mwa 1966 ikapitishwa sheria ya kuiunganisha Seneti na Baraza la Wawakilishi, ambamo viti viliongezwa kutoka 117 hadi 158, idadi iliyotosha maseneta wote. Hapa ndipo mtafiti aliye pia karani anapokuwa na faida kubwa, kwani anayeijua njia ya mswada hatua kwa hatua huona kwamba maseneta waliondolewa sababu ya kuitetea taasisi yao.

Katiba ya 2010 iliirejesha Seneti, ikaunda kaunti 47 zinazostahili angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kwa ibara ya 128 ikakipa kila chumba cha Bunge karani wake.