Mgongo wa Spika

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napiga gitaa la besi kwenye bendi ndogo ya harusi. Tulikuwa watu watano, na boksi letu la besi lilikuwa la mtumba, lenye spika mbili za inchi 10. Jumamosi moja, katikati ya shughuli, besi ikapotea. Haikuzimika. Vidole vilisikika vikigonga nyuzi, tak tak tak, ila ule uzito unaowanyanyua watu vitini haukuwepo. Nikaongeza sauti. Kelele ikazidi, besi hakuna. Mpiga ngoma wetu, mzee wa siku nyingi, akanigeukia: "Mwanangu, hilo gitaa au debe?"

Mwenye harusi alitukata theluthi ya malipo. Jumatatu tukakaa kikao: boksi liuzwe, tukope tununue jipya. Mimi nikaomba wiki moja. Katika wiki hiyo ndipo nilipoanza kusoma historia ya chombo nilichokuwa nakibeba mabegani bila kukijua.

Kumbe tatizo langu ni la zamani kuliko gitaa la besi lenyewe. Wapigaji wa besi kubwa ya kusimama, ile inayofanana na fidla iliyozidi kimo, walikuwa wakimezwa na tarumbeta na ngoma. Mwaka 1946, Everett Hull wa Marekani alianzisha kampuni ya kuwatafutia dawa: kipaza sauti kilichofungwa kwenye ule mguu wa chuma ambao besi husimamia. Jina la kampuni, Ampeg, limetokana na mguu huohuo.

Kisha akaja Leo Fender wa California, fundi redio ambaye hata gitaa hakujua kulipiga. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la umeme, Precision Bass. Mwaka uliofuata akatoa amplifaya yake, akaiita Bassman: spika moja ya inchi 15 na nguvu ya wati zisizofika 30. Miaka michache baadaye akaibadilisha, akaweka spika nne za inchi 10 kwenye boksi lililo wazi kwa nyuma.

Hapo kwenye uwazi wa nyuma ndipo penye kisa chote. Karatasi ya spika ikisukuma hewa mbele, upande wa nyuma inaivuta. Kwa hiyo kila spika hutoa sauti mbili zinazopingana. Kwa sauti nyembamba si neno, maana zinakwenda moja kwa moja kama tochi. Lakini uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita nane. Wimbi kubwa namna hiyo haliwezi kuzuiwa na kiboksi. Linauzunguka ubao, la mbele linakutana na la nyuma, yanafutana. Kinachobaki ni tak tak tak.

Basi Bassman, iliyozaliwa kwa ajili ya besi, ikapendwa zaidi na wapiga gitaa la kawaida. Walikuta kwamba ukiizidishia sauti inakwaruza, na mkwaruzo ule ukawa mtamu masikioni mwao. Mwaka 1962, kwenye duka la Jim Marshall magharibi mwa London, mafundi wake waliinakili, na humo ndimo ilimotoka familia ya amplifaya zilizolea muziki wa roki. Kasoro ya mmoja ikawa riziki ya mwingine.

Wapiga besi walisubiri hadi 1960, Ampeg walipotoa B-15: spika moja tu ya inchi 15, lakini ndani ya boksi lililofungwa nyuma na kupigiwa hesabu ya hewa yake. Wati zake zilikuwa 25 tu. Hazikuzidi za Fender, ila mgongo wa spika ulikuwa umesitiriwa. Studio nyingi zikaipenda. Viwanja vilipokua, mwaka 1969 wakaleta SVT ya wati 300, na boksi la spika nane za inchi 10, refu kama kabati la nguo, limezibwa kila upande. Rolling Stones walizunguka nazo Marekani mwaka huohuo.

Niliposoma hayo nikajiuliza: mbona boksi letu limefungwa nyuma vizuri tu? Gitaa nilishabadilisha, waya nilishabadilisha, amplifaya nilishaazima ya jirani, na ugonjwa ukawa uleule. Imebaki boksi. Nikakumbuka kwamba wiki ya harusi ile spika moja iliungua, tukampa fundi aiondoe aweke nyingine.

Nikafungua skrubu, nikachomoa waya. Nikachukua betri ndogo ya tochi, nikagusisha ncha zake, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwenye waya zilizokuwa zikienda kila spika. Ya juu: karatasi ikatoka mbele kidogo. Ya chini: ikarudi ndani. Zilikuwa zinafanya kazi kwa kupingana. Moja inasukuma, mwenzake anavuta. Wimbi la mbele lilikuwa limepata adui hapohapo mbele, halina haja hata ya kuzunguka ubao.

Nikageuza waya mbili za spika ya chini. Dakika tano, hakuna senti iliyotoka.

Jioni nikapiga uzi mnene mara moja tu chumbani. Vikombe vikalia kabatini. Boksi halikuuzwa, na mkopo hatukuchukua. Ile theluthi, kwa kweli, hatukurudishiwa.