Waliongoja Ndani ya Magari

Handaki la barabara likijaa moshi, watu wengi hawakimbii. Hupandisha vioo vya gari, hupiga simu nyumbani, humtazama dereva wa mbele anafanya nini, kisha hungoja. Tabia hii ilichelewa sana kueleweka, kwa kuwa kwa miaka mingi hofu ya wapangaji wa dharura ilikuwa nyingine: watu kupagawa, kusukumana na kukanyagana gizani.

Dokezo la kwanza halikutoka barabarani. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, waliwakalisha wanafunzi wa chuo kikuu chumbani, wakawapa fomu za kujaza, kisha wakapenyeza moshi kupitia tundu la ukutani. Katika waliokaa peke yao, 3 kati ya 4 walitoka kwenda kutoa taarifa. Waliowekwa pamoja na watu wawili waliopangwa kujifanya hawaoni kitu, ni 1 tu kati ya 10 aliyenyanyuka. Waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakapunga moshi kwa mkono na kuendelea kuandika. Kila mmoja alikuwa akiipima hatari kwa uso wa jirani yake.

Miaka 31 baadaye jambo hilohilo lilionekana chini ya mlima Mont Blanc, na safari hii halikuwa jaribio. Handaki hilo la kilomita 11.6, lililofunguliwa mwaka 1965, linaunganisha Ufaransa na Italia. Asubuhi ya tarehe 24 Machi 1999 lori la jokofu kutoka Ubelgiji, likiwa na shehena ya majarini na unga, liliingia kwa upande wa Ufaransa. Madereva waliopishana nalo walilimulika taa kumwonya mwenzao. Alipotazama vioo vya pembeni, akaona moshi mweupe. Alisimama karibu na katikati ya handaki, akashuka, na mara moto ukalipuka. Alikimbilia upande wa Italia, akapona. Lakini hewa ilikuwa ikivuma kuelekea Ufaransa, yaani kwenye foleni ya magari yaliyokuwa nyuma yake.

Majarini ni mafuta, na ikishayeyuka huwaka kama mafuta. Joto lilifika takriban nyuzi 1,000 za Selsiasi, na moto ukaendelea kwa saa 53. Walikufa watu 39, mmoja wao askari wa zimamoto. Kati ya wale 38 wengine, 27 walikutwa ndani ya magari yao na 2 ndani ya magari ya watu wengine. Malori hayakuwa na nafasi ya kugeuka, na injini zilizimika kwa kukosa oksijeni. Walinzi nao hawakunusurika wote: Pierlucio Tinazzi, Mwitaliano aliyekuwa akizunguka handakini kwa pikipiki, aliingia kuokoa watu, na mwisho akafia katika chumba cha kujihifadhi pamoja na dereva aliyekuwa akimsaidia. Mlango wa chumba hicho ulitengenezwa kuhimili moto kwa saa mbili.

Kuwaita waliobaki garini wazembe ni kuwaonea. Gari ni mali, lina mizigo na hati, lina milango inayofungwa, na dereva amezoea tangu siku ya kwanza ya leseni kwamba kwenye foleni mtu hashuki. Miezi miwili tu baadaye, tarehe 29 Mei 1999, ajali katika handaki la Tauern nchini Austria iliua watu 12. Wanane waliuawa na mgongano wenyewe. Kati ya wanne waliobaki, mmoja alikuwa dereva wa lori aliyekwisha kukimbia, akarudi kuchukua hati zake.

Handaki la Gotthard la Uswisi, lenye kilomita 16.9, lilikuwa limejengwa kwa uangalifu zaidi: kando yake kuna njia ya usalama, na milango ya kuingilia humo iko kila mita 250. Malori mawili yalipogongana na kuwaka tarehe 24 Oktoba 2001, waliotoka mapema walipita katika milango hiyo na kuokoka. Hata hivyo 11 walikufa, wengi wao kwa moshi. Mlango upo, lakini haumvuti mtu kutoka kwenye kiti chake.

Basi ikabidi tabia yenyewe ichunguzwe. Mwaka 2002, katika handaki la Benelux karibu na Rotterdam, mtafiti Mholanzi Louis Boer alisimamisha lori linalofuka moshi mbele ya madereva ambao hawakuambiwa kinachowangoja. Walikaa wakitazama moshi ukiwasogelea. Kipaza sauti kilipowaamuru watoke, ndipo walipoanza kutoka, na mmoja akifungua mlango, wa jirani naye hufungua.

Kutoka garini si mwisho wa kazi. Utafiti wa Mjapani Tadahisa Jin ulikwisha kuonyesha kwamba moshi unaowasha macho humfanya mtu ayumbe au apapase ukuta. Majaribio ya Uswidi yalipima mwendo wa watu katika moshi wa handaki: kati ya mita 0.2 na 0.8 kwa sekunde, chini sana ya mwendo wa kawaida wa mtu atembeaye. Taa iliyotundikwa darini haimsaidii mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 ilitaka vibao vya kuelekeza milango viwekwe ukutani, kati ya mita 1 na 1.5 kutoka chini, na visiachane zaidi ya mita 25.

Melbourne ilionyesha yanayowezekana. Tarehe 23 Machi 2007 ajali ya malori na magari katika handaki la Burnley iliua watu watatu na kuwasha moto. Maji yalifunguliwa kutoka darini mapema, na mamia ya watu wakatoka kwa miguu.

Handaki la Mont Blanc lilifunguliwa upya Machi 2002. Sasa lina vyumba 37 vya kujihifadhi vinavyounganishwa na njia ya hewa safi iliyo chini ya barabara. Kila dereva anayeingia hutakiwa kuacha mita 150 mbele yake akiwa anaendesha, na mita 100 akisimama.