Televizyo smati kwa wazazi: namna ya kuchagua isiyopeleleza nyumba

Vijana wengi wa Masisi wanaotafuta maisha Goma, Bukavu ao Kampala, wakipata makuta kidogo, wanatumia wazazi televizyo. Siku hizi nyingi za dukani ni smati: zinaingia intaneti, zinafungua YouTube, zingine zinasikia sauti. Kwa mzee wa Lushebere anayetaka tu habari na mpira, kuna jambo muuzaji hasemi: televizyo hiyo inaweza kumuangalia na yeye.

Ndani yake mna programu inayochukua alama za picha iliyo kwenye skrini na kuzilinganisha na akiba ya vipindi kwenye kompyuta za mbali. Hivyo kampuni inajua nyumba inatazama nini na saa ngapi, hata picha ikitoka kwenye dekoda. Mwaka 2017 kule Marekani, kampuni Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2,2 sababu ilikusanya habari hizo ku televizyo milioni 11 bila wenyewe kuitika. Kongo nayo ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu Machi 2023, inayolinda data za mtu. Lakini sheria haiko pale mzee anapobonyeza «J'accepte» bila miwani.

Njia rahisi kupita zote haiombi hata franga: kutoiunganisha. Televizyo isiyo na Wi-Fi wala kebo ya intaneti haitumi kitu, na dekoda ya satelaiti ao flashi vinaendelea kufanya kazi vizuri. Kijijini hii inaokoa pia mega, maana mara nyingi intaneti ni ile ya telefone ya mtu. Kwa hiyo anayeinunua aiwashe yeye mwenyewe mbele ya kuipakiza kwenye gari, aruke ukurasa wa Wi-Fi, akatae kila kinachoweza kukataliwa.

Wazazi wakitaka YouTube, basi mtoto aingie mu «Paramètres» na kuzima utambuzi wa vipindi (kwa LG unaitwa Live Plus) pamoja na matangazo yanayomfuata mtu.

Hatari kubwa zaidi kwetu pengine si kampuni. Ni akaunti. Kijana anaweka akaunti yake ya Google ku televizyo ya baba, kisha kila alichotafuta, ikiwemo video za vita na siasa, kinabaki pale. Mgeni yeyote, hata mwenye silaha, akishika telekomande anaona yote pamoja na jina. Afazali kutumia bila akaunti, ao kufungua nyingine isiyo na jina la mtu. Na familia zinapouza vitu haraka juu ya kukimbia, televizyo inaenda na akaunti ndani: ifutwe kwanza, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Anayenunua ya okazyo afanye vilevile.

Visanduku vya Android vya bei ya chini visivyo na jina la kampuni viachwe. Juni 2025, polisi ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilionya kwamba vingine vinatoka kiwandani na virusi tayari, na wezi wanapitishia kazi zao kwenye intaneti ya mwenye nyumba.

Kwa wanaotumia plake za jua, ile ndogo isiyo smati, iliyoandikwa DC 12V mgongoni, inakula batri kidogo na haina maikro wala kamera. Kwa wazazi wengi inatosha.